Kucha Zilizofaulu Mtihani Zikabanduka Siku ya Sita: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kisumu

Mteja ni msusi wa Kondele, mtaa wa Kisumu. Ndugu yake alikuwa anaoa, naye alitaka kucha za harusi: ndefu, umbo la lozi, rangi ya maziwa, jeli ya kujengea (ile inayokaushwa kwa taa) juu ya kucha zake mwenyewe. Fundi aliyempokea alikuwa amemaliza kozi ya urembo ya miezi sita, ambayo wiki sita zake zilikuwa za kucha. Cheti anacho, na kwenye mtihani wa vitendo kazi yake ilisifiwa. Mteja alilipa shilingi 1,500, picha zikapigwa, akaenda zake. Siku ya 21 alirudi na vidole vinavyowasha, gumba lenye doa la kijani chini ya jeli nyeusi, akidai pesa zake.

Kisa hiki tumekisuka kutokana na hali zinazojirudia kwenye saluni za mji huu. Hakimlengi mtu wala chuo fulani, ila hatua zote zilizomo ni za kawaida, na ndiyo sababu kinafaa kuchambuliwa.

Maelezo matatu yalitolewa siku hiyo. Mwenye saluni alisema bidhaa ni feki. Fundi alisema damu ya mteja haikubali jeli. Mfanyakazi mwenzake alisema mteja hajui kutunza kucha, kutwa nzima anashika nywele na mafuta. Hakuna aliyeuliza fundi alifundishwa nini. Tulipopanga hatua zake moja baada ya nyingine, uzembe haukuonekana popote. Alifanya kama alivyofundishwa, kwa mpangilio uleule, na kwa mkono safi.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya 1 fundi aliloweka mikono ya mteja kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni, dakika tano. Akasukuma kyutiko (ngozi ya shina la ukucha), akakata ngozi kwa koleo ndogo, akapaka losheni na kuikanda mikono. Akafuta kucha kwa pamba yenye spiriti. Akapitisha drili juu ya kila ukucha "ili jeli ishike". Akapaka praima (ya kusaidia jeli ishike) mara tatu, kisha besi (tabaka la chini), kisha jeli ya kujengea tabaka moja nene, rangi mara mbili na topukoti (tabaka la juu la mng'ao). Kila tabaka, vidole vyote vitano viliingia kwenye taa kwa pamoja kwa sekunde 30. Jeli nene ilipokuwa kwenye taa mteja alichomoa mkono mara mbili akilalamika inachoma, akaurudisha. Saa ya taa iliendelea kuhesabu.

Siku ya 6 jeli ilikuwa imeinuka kwenye gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kulia, na kwenye kidole cha pete cha kushoto. Fundi alidondosha gundi ya tipsi (ncha za kucha za bandia) kwenye mwanya, akabana, akapaka topukoti upya. Hakumlipisha.

Siku ya 13 doa la kijani lilionekana kwenye gumba. Akasema ni fangasi. Aliichokonoa jeli kwa kijiti cha chuma mpaka ikatoka kipande kizima, akakwangua doa kwa drili, akapangusa kwa spiriti, akafunika kwa jeli mpya, safari hii nyeusi ili doa lisionekane.

Siku ya 17 mwasho ulianza. Siku ya 21 kulikuwa na vipele vidogo vyenye maji kwenye ncha za vidole, ngozi ya kando ya kucha ilikuwa nyekundu na imeanza kupasuka, na gumba liliuma likiguswa.

Beseni

Kubanduka kwa siku ya 6 kulianza dakika ya kwanza ya siku ya 1. Ukucha hunyonya maji. Ukilowekwa, unavimba kidogo na kubadilika umbo. Jeli ikipakwa wakati huo inashikana na ukucha uliovimba. Saa chache baadaye maji yanatoka, ukucha unarudi kwenye umbo lake, lakini jeli iliyokwisha kukauka haisogei nao kwa kiasi kilekile. Mvutano huo unaishia pembeni na karibu na kyutiko, na hapo ndipo jeli inapoachia kwanza.

Beseni lilitoka kwenye huduma ya kucha ya rangi ya kawaida, ambako halikuwa na madhara makubwa: rangi ile ni nyembamba, inapinda na ukucha, na hata hivyo hudumu siku chache tu. Notisi za vyuo vingi, yaani maandishi ya kufundishia, ziliandikwa wakati wa huduma hiyo. Jeli ilipoingia iliongezwa kama sura mpya mwishoni mwa notisi, huku mwanzo wa kila huduma ukibaki uleule: karibisha mteja, loweka mikono. Mwanafunzi hasomi sura mbili zinazopingana. Anasoma mfululizo mmoja, na beseni limo ndani yake. Losheni na kukanda mikono vimo kwa njia hiyohiyo, ilhali mafuta yaliyobaki pembeni mwa ukucha hayatoki kwa kupangusa mara moja kwa pamba.

Mwanzo unaofaa jeli ni mfupi. Mteja anawa mikono kwa sabuni, anajikausha vizuri kwa taulo ya karatasi, na kazi ya kyutiko inafanywa kavu au kwa tone la dawa ya kulainisha kyutiko ambalo baadaye linaoshwa lote. Mikono inakandwa mwisho, baada ya topukoti. Kama mteja ametoka kuosha vyombo au kuosha nywele za watu, anza na mazungumzo na kuchonga umbo. Mpe ukucha muda. Kisumu kuna jambo la ziada: mchana joto hukaribia nyuzi 30 na viganja vinatoa jasho. Dihaidreta, dawa ya kuondoa unyevu, inakausha uso wa ukucha kwa muda mfupi tu, kwa hiyo ipakwe kwenye mkono unaofanyiwa kazi wakati huo. Ukiipaka mikono yote miwili kwa pamoja, mkono wa pili utakuwa umeshatoa jasho tena kabla hujaufikia.

Mazungumzo hayo ya mwanzo pia yangemwokoa fundi na tatizo jingine. Msusi anafanya kazi kwa ncha za vidole kutwa nzima. Kila akivuta nywele, ukucha mrefu unabonyezwa na kung'oka kidogo kutoka nyuma, kama wenzo. Kwa mtu wa kazi hiyo ncha isizidi nusu ya urefu wa sehemu ya ukucha iliyokaa juu ya nyama, na umbo liwe la mviringo. Lakini notisi zinasema "muulize mteja rangi anayotaka". Kazi yake hazimtaji kabisa.

Alichokata na alichoacha

Kuna ngozi mbili kwenye shina la ukucha, na darasani zilipewa jina moja. Ya kwanza ni ukingo wa ngozi hai unaozunguka ukucha. Huu una damu na hisia, na ndio mlango unaozuia vijidudu visiingie. Ya pili ni utando mfu, mwembamba na usio na rangi, unaong'ang'ania juu ya ukucha na kutoka nao unapokua. Huu ndio unaopaswa kuondolewa. Fundi alikata ule wa kwanza, kwa sababu ndio unaoonekana na ndio unaofanya picha ipendeze, akaacha wa pili.

Gumba la mteja lilionyesha jambo hili wazi. Kipande cha jeli kilichotoka siku ya 13 kilikuwa na ngozi kavu nyeupe upande wa chini, karibu na shina, upana wa milimita mbili hivi. Hapo jeli ilikuwa imeshika vizuri kabisa, ila imeshika utando mfu, nao ulipoachia ukucha ukatoka na jeli.

Utando huo unaonekana ukijua kuutazama. Geuza taa ya meza ije kutoka ubavuni, si juu. Kwangua polepole kwa kijiko cha kusukumia kikiwa kimelala. Ukiona unga mweupe, bado upo. Futa, acha dakika ikauke, tazama tena. Mahali penye utando hubaki pamefifia na pamekwaruzika hata baada ya kupanguswa. Pembe mbili za chini, kushoto na kulia, ndiko wanafunzi wengi huupitia juu juu, na ndiko kubanduka kwingi huanzia.

Kuhusu drili hatutasema mengi. Unene wa ukucha ni kama nusu milimita. Kucha mbili za mteja zilikuwa na mstari mwekundu wa nusu duara karibu na shina, alama ya biti (kichwa cha drili) iliyoshikwa kwa pembe badala ya kulazwa, na ikakaa mahali pamoja. Kuondoa mng'ao kwa ajili ya jeli kunahitaji faili laini ya 180 na mipapaso michache ya mkono. Mwanafunzi asiguse ukucha wa asili kwa drili mpaka aweze kuondoa rangi juu ya jeli bila kufikia besi. Praima nayo: tabaka moja jembamba, brashi ikiwa imepanguswa shingoni mwa chupa, na isiguse ngozi. Kupaka mara tatu hakuongezi kushika hata kidogo, na ile yenye asidi inaunguza.

Taa, na namba isiyosema kitu

Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki.

Chuoni kulikuwa na taa moja kwa darasa zima, ya mtindo wa zamani: mirija minne ya wati 9, jumla wati 36, dakika mbili kwa kila tabaka. Mwanafunzi alikariri dakika mbili. Alipofika saluni alikuta taa ya LED iliyoandikwa wati 48, akaambiwa hii ni ya kisasa, sekunde 30 zinatosha. Namba zote mbili ni za kukariri, na hakuna kati yazo inayohusu jeli iliyokuwa mezani. Chupa ya jeli ya kujengea ilisema sekunde 60. Sekunde 30 zilikuwa za rangi nyembamba.

Wati zinaeleza umeme unaoliwa na taa. Hazielezi mwanga unaofika kwenye ukucha wala mwanga huo ni wa aina gani. Ndani ya jeli mna kemikali zinazoanzisha kukauka, na kila moja huamshwa na mwanga wa urefu fulani wa mawimbi. Taa za kucha hufanya kazi kati ya nanomita 365 na 405 hivi. Jeli iliyotungwa kwa mwanga fulani ikiwekwa chini ya taa dhaifu kwenye sehemu hiyo inaweza kuonekana ngumu na inang'aa, huku ndani ikiwa na kemikali nyingi ambazo hazijashikana. Mirija ya zamani ina hila nyingine: inaendelea kuwaka buluu ilhali nguvu yake imeshuka, ndiyo maana watengenezaji wengi husema ibadilishwe kila baada ya miezi sita hivi. Ile ya chuo haikuwa na tarehe yoyote. Nao mji wetu una stima ya kupotea: taa ya kuchaji ambayo betri yake iko karibu kuisha inaweza kutoa mwanga hafifu bila kukuambia, saa yake ikihesabu kama kawaida.

Sasa rudia siku ya 1 ukiwa na haya. Tabaka moja nene. Jeli ikikauka hutoa joto, na kadiri ilivyo nene ndivyo joto linavyokuwa kali. Na kucha hizi zilikuwa zimeshapunguzwa na drili. Mteja akachomoa mkono. Sekunde zilizobaki kwenye saa zilikuwa za taa, si za kidole. Darasani fundi alikuwa ameambiwa amtulize mteja, avumilie. Dawa yake ni tabaka mbili nyembamba, kila moja ikipewa muda wake kamili, na kutumia ile hali ya joto la chini kama taa inayo. Mkono ukitoka, saa ianze upya.

Halafu gumba. Ukiingiza vidole vitano kwa pamoja, vinne vinatazama juu na gumba linalala ubavu. Upande wake mmoja unabaki kivulini. Vidole vinne kwanza, kisha magumba mawili pamoja, yakiwa yamelala bapa. Gumba la kulia ndilo lililoongoza matatizo yote ya mteja huyu, na hilo si la kushangaza. Jeli nyeusi ya siku ya 13 ilizidisha: rangi nzito huzuia mwanga usifike chini, kwa hiyo nyeusi na nyeupe hupakwa nyembamba kuliko rangi nyingine zote.

Kipimo cha taa kinaweza kufanyika meza yoyote bila kifaa. Chukua kipande cha foili, paka jeli kwa unene uleule unaotumia kwa mteja, ukubwa wa ukucha mmoja. Weka kwenye taa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mahali ambapo kidole cha kati hukaa. Bandua, geuza, kwaruza upande wa chini kwa kijiti cha meno. Ukiwa laini au wenye majimaji, jeli hiyo na taa hiyo havifai kwa unene huo. Rudia mahali pa gumba na mahali pa kidole kidogo. Mara nyingi majibu matatu hayafanani, na darasa zima hunyamaza. Kipimo hiki hukamata upungufu mkubwa tu. Kufaulu kwake hakumaanishi jeli imeiva yote, kwa hiyo bado ni salama zaidi kutumia taa iliyopendekezwa na mtengenezaji wa jeli. Dalili ya pili ni vumbi. Jeli iliyoiva, baada ya kupanguswa unato wa juu, ikichongwa inatoa unga mkavu. Isiyoiva inatoa vitu vya kunata vinavyojaza faili.

Gundi, kijani, mwasho

Gundi ya siku ya 6 ilifunga maji ndani. Mwanya wa jeli iliyoinuka kwenye mkono wa msusi huwa na unyevu, sabuni na mafuta ya nywele. Kuuziba ni kutengeneza chumba chenye joto, giza na maji, na hapo huota bakteria aitwaye Pseudomonas, ambaye hutoa rangi ya kijani. Yeye si fangasi. Tofauti hii ina maana, kwa sababu dawa ya fangasi haimsaidii mteja na kufunika kunamsaidia bakteria. Kinachofanyika ni kuondoa jeli, kusafisha, kukausha, na kuacha ukucha wazi. Doa lenyewe laweza kubaki kama rangi tu na kutoka na ukucha unavyokua, kiasi cha milimita tatu kwa mwezi. Kulikwangua kwa drili kunaupunguza ukucha bila kuharakisha lolote. Kukiwa na maumivu, uvimbe au ukucha kuachana na nyama, hiyo ni kazi ya daktari.

Sehemu iliyoinuka hairudishwi chini. Inachongwa mpaka mahali jeli bado imeshika, ukucha unaandaliwa upya, na jeli mpya inajazwa. Fundi alisema hakuwahi kufundishwa kujaza, maana mitihani yote ilikuwa ya kucha mpya. Na vyombo vilivyogusa gumba lile? Viliwekwa kwenye kisanduku cha mwanga wa buluu ambacho wengi hukiita sterilaiza. Kisanduku hicho hakiui kila kitu, na hakifiki kwenye maungio ya koleo. Kifaa cha chuma kinasuguliwa kwanza kwa brashi, sabuni na maji, kinakaushwa, kisha kinazamishwa chote kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa. Ukitumia klorini ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji inakupa asilimia 0.5; dakika 10, suuza, kausha, usikiache humo kikashika kutu. Kinachokata ngozi hufaa kupita kwenye otoklevu (mashine ya mvuke wenye shinikizo), nyuzi 121, kwa dakika 15 angalau. Faili na bafa zilizotumika kwenye ukucha wa kijani hutupwa.

Mwasho ndio hasara ya kudumu. Hii ni aleji ya mguso: mwili unajifunza kuitambua kemikali ya jeli, mara nyingi ile iitwayo HEMA, baada ya kuguswa nayo ikiwa mbichi mara kwa mara. Kwa mteja huyu njia zilikuwa tatu kwa wakati mmoja: jeli isiyoiva, jeli iliyomwagikia ngozi, na ngozi yenyewe ikiwa imekatwa. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya unataka bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na wataalamu tu na ziandikwe onyo la aleji. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 umepiga marufuku kemikali nyingine, TPO, iliyokuwa ikitumika kukausha jeli nyingi. Sababu yake ilikuwa hofu juu ya uzazi, si mwasho. Notisi tulizoziona zinaonya kuhusu harufu ya akriliki (kucha za unga uliochanganywa na kimiminika) na kuishia hapo.

"Damu haikubali" ni maelezo yanayomfungia fundi macho, maana yanamfanya amtafutie mteja jeli ya kampuni nyingine, na mara nyingi kemikali ni ileile au ya jamii yake. Aliyepata aleji hii kwa kawaida hubaki nayo. Inabidi amwambie daktari wa meno, kwa sababu vifaa vya kuzibia meno vina kemikali za ukoo huo. Na fundi mwenyewe yuko hatarini kuliko mteja: yeye hushika jeli kila siku, hupangusa unato kwa kidole, hulalia vumbi kwa kifundo cha mkono. Glavu za nitrile zinafaa kuliko za mpira wa kawaida, na zikiguswa na jeli zibadilishwe hapohapo, kwani kemikali hizi hupenya.

Kwa nini mtihani haukuona

Mwanafunzi alifanyia mazoezi mkono wa plastiki. Plastiki haitoi jasho, haina utando mfu, haivimbi kwa maji, haichomoi mkono taa ikichoma. Jeli hushika juu yake hata ukikosea kila hatua. Siku ya mtihani akapewa modeli, akamaliza ndani ya saa zilizowekwa, mtahini akatazama umbo, ulinganifu na mng'ao, akaandika alama. Kasoro zote za kisa hiki zilikuwa zimeshafanyika wakati huo, na hakuna hata moja inayoonekana siku ya kwanza.

Mfumo rasmi umeshaelekea kwingine. Sheria ya Kenya ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2013 iliunda CDACC, baraza la mitaala na upimaji wa mafunzo hayo, na msimamo wake ni mafunzo ya umahiri, mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, nayo ni ya vitendo. Lakini vitendo vikipimwa kwa saa tatu, kinachopimwa ni saa tatu. Mkufunzi naye mara nyingi alisomea enzi za rangi na akriliki, jeli akajifunza njiani. Mwanafunzi anajazia pengo kwa video za simu, ambazo hukata dakika 40 za maandalizi zikawa sekunde nne.

Akriliki inaonyesha ugonjwa uleule. Vipimo vingi vya kufundishia ni vya chumba cha nyuzi 21 hadi 24. Mchana wa Kisumu tone linakauka kabla mwanafunzi hajalisambaza, naye anaongeza maji ya akriliki ili apate muda. Tone linakuwa la majimaji, linakimbilia ngozi. Kiasi cha kuanzia ni maji sehemu moja na nusu kwa unga sehemu moja, matone madogo zaidi, kikombe kifunikwe, na mazoezi ya kwanza yawe asubuhi. Na kama akriliki ina harufu kali isiyo ya kawaida, haichongeki, na imekaa nusu saa kwenye asetoni bila kulainika, shuku MMA, kimiminika ambacho Marekani ilianza kukiandama tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya kudhuru kucha na ngozi.

Kilichofanyika

Mteja alirudishiwa pesa na kupelekwa kliniki ya ngozi. Jeli ilipunguzwa kwa faili ya mkono. Vidole ambavyo ngozi yake ilikuwa nzima vilifungwa pamba yenye asetoni na foili kwa dakika 20, ngozi ya kando ikiwa imepakwa mafuta mazito, na kisicholainika hakikulazimishwa. Gumba liliachwa wazi. Hatawekewa jeli tena.

Fundi hakurudishwa chuoni. Kwa wiki nne, kila siku kabla ya saluni kufunguliwa, alifanya kipimo cha foili kwa kila jeli iliyokuwa rafuni, na muda uliofaulu ukaandikwa kwa kalamu kwenye chupa yenyewe. Chupa mbili hazikufaulu kwa muda wowote uliofaa, zikaondolewa. Kisha alifanya mikono ya watu halisi, kidole kimoja kimoja: kidole cha kwanza kililowekwa maji makusudi, cha pili kikaachiwa utando, cha tatu kikaandaliwa ipasavyo. Modeli walirudi siku ya 7 na ya 14. Alipoona kwa macho yake kidole kilicholowekwa kimeinuka na jirani yake hakijainuka, beseni liliondoka mezani bila mtu kumhimiza.

Kila mteja sasa ana kadi: kazi anayofanya, kama aliwahi kuwashwa, jina la besi na jeli, taa, sekunde, na kidole kilichobanduka kama kipo. Kidole kilekile kikijirudia kwa wateja tofauti, tatizo ni mkono wa fundi au mahali kwenye taa. Kidole tofauti kila mara kwa mteja mmoja, uliza kazi yake.

Chuo kinachotaka kuiga jambo moja tu kianze na tarehe ya pili ya mtihani. Nusu ya alama itolewe siku ya kwanza, nusu siku ya 14, kwa kuhesabu vidole vilivyoinuka, kutazama ngozi, na kumwona mwanafunzi akijaza na kuondoa. Kikwazo ni modeli kutorudi. Nauli yake ya boda iwekwe ndani ya ada ya mtihani, alipwe siku ya 14 na si kabla.